Samaki wa Nane: Uhakiki wa Meza ya Krismasi Isiyo na Neema

Mchungaji anayeitwa kusuluhisha ugomvi wa nyumbani hukuta mara nyingi meza imekwisha kupinduliwa. Husimuliwa ya jana na ya mwaka juzi, kila mmoja kwa upande wake, naye hakuwako. Ni nadra kupewa nafasi ya kuketi na jamaa hao tangu chakula kikiwa bado jikoni mpaka vyombo vivunjike, akaona kwa macho yake neno gani lilisemwa kwanza, nani alinyamaza, na nani alicheka mahali pasipostahili kicheko. Nafasi ya namna hiyo tunaipata katika sehemu ya sita ya mfululizo wa pili wa mchezo wa televisheni uitwao The Bear. Sehemu hiyo inaitwa Fishes, yaani Samaki, nayo ilionyeshwa nchini Marekani kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 2023. Haikutungwa ili kufundisha dini. Hata hivyo, twaona kwamba inagusa jambo ambalo sisi tunaohubiri neema hatuna budi kulitazama vizuri: yaani jinsi upendo unavyoweza kugeuka kuwa deni, na deni hilo likaila nyumba nzima.

Kwanza tueleze kisa kwa kifupi. The Bear, uliobuniwa na Christopher Storer, unahusu jamaa ya Berzatto, watu wa Chicago wenye asili ya Italia. Carmy, mpishi hodari, anarudi nyumbani kuendesha mkahawa aliorithishwa na kaka yake Michael, aitwaye Mikey, ambaye amejiua. Sehemu tunayoihakiki inaturudisha nyuma miaka mitano hivi, kwenye mkesha wa Krismasi, Mikey akiwa bado hai. Mama yao, Donna, anapika karamu ya samaki wa namna saba, desturi ya Wamarekani wengi wenye asili ya Italia, iliyotokana na mazoea ya Kanisa Katoliki ya kutokula nyama siku ya mkesha. Nyumba imejaa ndugu, marafiki na watu wanaoitwa wajomba bila kuwa wajomba. Sehemu nyingi za mchezo huu huchukua kama nusu saa; hii inapita saa moja, na karibu dakika zote hizo tumefungiwa ndani ya nyumba ile.

Wako waliouliza kama inafaa kuuita mchezo huu wa kuchekesha. Mwaka 2024 sehemu hii ilipata tuzo za Emmy katika fungu la vichekesho: Storer kwa uongozaji, Jamie Lee Curtis aliyeigiza kama Donna, na Jon Bernthal aliyeigiza kama Mikey. Kwa maoni yetu swali hilo lina jibu ndani ya mchezo wenyewe. Watu wa nyumba hii wanacheka sana. Mikey anasimulia kisa ambacho wote wamekwisha kukisikia, na wanacheka tena. Lakini kicheko chao ni pazia; kila kinapokoma, kinaonekana kile kilichokuwa kimefunikwa. Mtazamaji naye anacheka, kisha anajiona amekuwa mmoja wa wale waliokaa sebuleni wakifurahi huku jikoni mtu anaangamia. Hapo ndipo kazi ya mwandishi inapostahili sifa: hakutuacha tuhukumu tukiwa nje.

Tuingie jikoni. Donna anapika huku anakunywa divai, na saa za jiko zinalia moja baada ya nyingine mpaka hakuna ajuaye ipi inahusu chungu kipi. Akisaidiwa anakasirika kwamba anaingiliwa. Asiposaidiwa analalamika kwamba ameachwa peke yake. Anamwambia Carmy kwamba yeye huwatengenezea wengine mambo mazuri, wala hakuna amtengenezeaye yeye. Maneno hayo yatatukumbusha sote nyumba ya Martha na Mariamu (Luka 10:38-42), lakini ulinganifu huo usituharakishe. Martha alikuwa na Mgeni wa kumpelekea lalamiko lake, naye akajibiwa kwa jina lake. Donna hana wa kumlalamikia ila watoto wake, na watoto hawawezi kumlipa, kwa sababu anachodai si shukrani ya chakula cha usiku mmoja. Anadai athibitishwe kuwa maisha yake yana thamani. Hilo hakuna mtoto awezaye kumpa mzazi. Luther alipoandika juu ya uhuru wa Mkristo mwaka 1520, alionyesha kwamba tendo jema huweza kumfaa jirani pale tu ambapo mtendaji halitegemei limpe haki yake. Jikoni mwa Donna tunaona kinyume chake: kila sahani ni hati ya madai, na mlaji anakuwa mdaiwa kabla hajaonja.

Jambo la pili ni hesabu ya samaki. Katika usiku huo linaulizwa swali jepesi: kwa nini wawe saba? Hakuna jibu ambalo wote wanaliamini. Maana imekwisha kusahauliwa, namba imebaki. Ndipo Pete, mume wa binti aitwaye Natalie, anapofika na bakuli la jodari aliloliandaa kwa nia njema. Hao watakuwa samaki wa nane. Wenyeji wanashtuka, wanaona hatari ambayo yeye haioni, na zawadi yake inaondolewa isije ikamfikia mama. Watazamaji wengi wanakichukua kisa hiki kama mzaha mdogo, na kweli kinachekesha. Sisi twaona kwamba ndiyo ufunguo wa sehemu nzima. Bwana wetu aliwaonya walioshika mapokeo ya wanadamu hata wakalitangua neno la Mungu juu ya baba na mama (Marko 7:8-13). Kosa la mapokeo hayo halikuwa uzee wake, bali kwamba yaliziba njia ya mema. Katika nyumba hii desturi iliyowekwa ili kuwakusanya watu imekuwa sheria isiyo na nafasi kwa mkwe mpole mwenye bakuli mkononi. Mahali ambapo zawadi inaogopwa kwa kuwa inaharibu hesabu, neema imekwisha kufungiwa mlango.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wahudumu kwa namna ya pekee. Natalie anampenda mama yake na kumwogopa. Mara kwa mara anamwuliza kama yu salama, na kila akiuliza mama anazidi kuwaka, mpaka swali hilo hilo mezani linakuwa cheche ya mlipuko. Ni rahisi kusema kwamba Donna hana haki ya kukasirikia swali la upole. Lakini tuliangalie vizuri. Natalie, bila kujua, haulizi ili asikie habari za mama. Anauliza ili yeye mwenyewe apate kutulia. Jibu moja tu ndilo linalokubalika: kwamba yu salama. Mungu alipomwuliza Adamu alikuwa wapi (Mwanzo 3:9), aliuliza ili aliyejificha apate mahali pa kusema kweli. Ni mara ngapi sisi tumeingia katika nyumba za wagonjwa na wafiwa na kuuliza habari zao kwa sauti iliyokwisha kuchagua jibu? Hatumlaumu Natalie, yeye ni mtoto aliyepewa mzigo wa mtu mzima. Lakini mhudumu aliyefundishwa hana udhuru huo.

Mezani, ugomvi wa Mikey na Lee unafikia kilele. Mikey anamrushia Lee uma. Lee anamwambia mbele ya wote kwamba hana kitu na tena si kitu. Sisi tunaojua mwisho wa Mikey tunalisikia neno hilo kwa uchungu, maana twajua kwamba ni lile ambalo yeye mwenyewe amekwisha kuanza kujiambia. Katikati ya hayo anaombwa Stevie, mgeni aliyekuja na binamu yao Michelle, aseme sala ya chakula. Anayesali si mwana wa nyumba wala si mtu wa desturi ile. Anashukuru kwa maneno ya kawaida, kwa kuwa watu wamepata kula pamoja na kuangaliana, na kwa muda mfupi chumba kinatulia. Kisha vita inarudi, Donna anaondoka mezani, na baada ya kitambo anaiingiza motokaa yake ndani ya nyumba kwa kuubomoa ukuta.

Je, sala ile ilishindwa? Hatudhani hivyo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anahesabu pamoja na chakula watu wa nyumbani, marafiki na majirani wema. Stevie ndiye pekee usiku ule aliyeyaona mambo hayo kuwa ni vipawa. Shukrani yake haikuondoa ugonjwa, wala sala si dawa ya kutuliza fujo. Ilionyesha tu kwamba meza ile ingeweza kupokelewa kwa namna nyingine.

Pamoja na sifa hizo, tuna malalamiko mawili. La kwanza, Donna anatazamwa kwa karibu mno na kueleweka kwa mbali mno. Mtazamaji anaonyeshwa machozi, sigara na glasi, lakini ugonjwa wake hautajwi kwa jina, wala hakuna daktari, jirani au mtu wa kanisa anayeingia. Hatari yake ni kwamba huzuni ya mtu inakuwa maonyesho. La pili ni zito zaidi. Baba wa watoto hawa hayupo mezani, na kutokuwapo kwake hakupimwi kwa kipimo kile kile. Aliyebaki nyumbani akapika na kupasuka ndiye anayehesabiwa kuwa chanzo cha majeraha yote. Hata sisi katika ushauri wetu hufanya hivyo mara nyingi: tunamhukumu mzazi aliyepo kwa sababu ndiye tunayeweza kumwona.

Waandishi wenyewe, ni haki kusema, hawakumwacha Donna kwenye vifusi vya ukuta ule. Katika mfululizo wa tatu, mwaka 2024, tunamwona hospitalini kando ya Natalie anayejifungua. Katika mfululizo wa nne, mwaka 2025, anamsomea Carmy maneno ya toba aliyoyaandika, na baadaye mwana anampikia mama. Yaliyosemwa jikoni usiku wa Krismasi hayakujibiwa kwa hoja, bali kwa sahani ya chakula isiyodai kitu. Aliyetengeneza mazuri kwa madai sasa anapokea bure, baada ya kukiri. Utaratibu huo, yaani kukiri na kupokea, twaujua kutoka mahali pengine.

Katika Katekisimo Kubwa Luther anafundisha, kwa habari ya Amri ya Nne, kwamba wazazi waheshimiwe hata wakiwa maskini, dhaifu na wenye tabia za ajabu. Tena anawaonya wazazi kwamba hawakupewa cheo chao ili waabudiwe. Mafundisho hayo mawili hatuna ruhusa ya kuyatenganisha. Tukihubiri la kwanza peke yake, tunamfunga Natalie kwenye mlango wa ile motokaa, akigonga kioo na kumsihi mama afungue. Tukihubiri la pili peke yake, tunamwacha Donna ndani akiwa amejifungia. Nyumba za namna hii zimo katika kila usharika, na wenyewe huja ibada ya Krismasi wamevaa vizuri. Mchungaji atakayekwenda kwao baada ya ibada aende kama Pete, na bakuli lake mkononi, hata kama hesabu ya samaki imekwisha kutimia.