Livingstone wa Kabambare: Ushahidi wa Mpinga Utumwa na Maandishi Yake Matatu

Katika maandishi ya David Livingstone, Kabambare huandikwa Bambarre. Kiambishi ka- kimepotea. Kosa hilo la sikio si kubwa, wala halimpunguzii mtu heshima, ila lafaa kumkumbusha msomaji kwamba hata shahidi mwaminifu huandika alichosikia yeye. Ni huko Kabambare alikolazwa na vidonda vya miguu tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, akihifadhiwa na Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa. Hivyo mtu aliyetaka biashara hiyo ing'olewe kabisa aliishi kwa chakula na dawa za wale walioiendesha. Wahakiki wengi huishia hapo: wengine humwita mnafiki, wengine humwachilia kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Hukumu zote mbili ni nyepesi. Swali zito liko katika maandishi yenyewe.

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, si mbali na Kasongo, watu wa Dugumbe bin Habib walifyatua bunduki katikati ya umati, ambao wengi wao walikuwa wanawake. Waliokimbilia mtoni walizama. Livingstone alikuwapo. Miongoni mwa njia ambazo habari hiyo imetufikia, tatu zafaa kutazamwa. Ya kwanza ni shajara aliyoiandika papo hapo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti la The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, kwa wino wa kienyeji. Ya pili ni daftari alimonakili habari zake baada ya kurudi Ujiji, ambalo Stanley alilipeleka Uingereza mwaka 1872. Ya tatu ni kitabu kilichotolewa mwaka 1874, baada ya kifo chake, na Horace Waller, mpinga utumwa mkali kuliko wengi wa wakati wake.

Kati ya hizo tatu, kwa zaidi ya miaka mia moja wasomaji wengi walijua hiyo ya tatu tu. Wino wa shajara ulikuwa umefifia, na herufi za gazeti zimeufunika. Mwaka 2011 Adrian Wisnicki na wenzake waliitangaza upya, baada ya kurasa kupigwa picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa jicho, na kompyuta kuutenga wino na herufi za gazeti. Ikaonekana kwamba mwandishi alipokuwa akinakili alipunguza baadhi ya mambo. Yaliyopunguzwa zaidi yahusu watu wake mwenyewe, wale aliowaita watumwa wa Mabaniani, waliotumwa kutoka Unguja na kumfikia Kabambare mwezi wa Februari 1871. Shajara yaeleza ukatili na uasi wao kwa ukali. Daftari lauliwaza ukali huo. Wisnicki alidokeza hata uwezekano kwamba baadhi yao walishiriki katika mauaji. Hilo ni dokezo, si ushahidi, na mhakiki mwadilifu hana budi kuliacha katika daraja hiyo.

Lakini hata bila dokezo hilo, jambo lenyewe lina uzito. Mpinga utumwa alihudumiwa na watumwa wa kukodishwa. Waliposita kuondoka Kabambare, kwa kauli yake mwenyewe, ni hofu ya bastola iliyowasukuma. Siku kumi kabla ya mauaji alikuwa akimwomba Dugumbe huyo huyo watu kumi, akimwahidi paundi 400. Haya hayakufichwa, yamo hata katika kitabu cha Waller. Msomaji ndiye aliyeyapita haraka, kwa kuwa sura ya soko inamshika na kumsahaulisha kurasa zilizotangulia.

Yawezekana kumtetea. Habari ya Nyangwe ilipochapishwa ilitikisa Uingereza, na ilikuwa mojawapo ya sababu zilizoleta mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwao Sayyid Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja. Je, shajara isiyopunguzwa ingalifanya kazi hiyo? Labda isingalifanya. Lakini utetezi huu unachukulia kwamba alipunguza kwa ajili ya watumwa tu. Kalamu iliyofuta makosa ya watumishi ilimfuta pia bwana wao kama mtu wa kuulizwa, na faida hiyo ilikuwa yake. Hapa ndipo lawama inapomstahili, wala si kwenye wali alioula kwa Bogharib. Na wanaotaka kuutupa ushahidi wake wote kwa sababu hiyo wamekosea zaidi: katika maandishi yote matatu waliofyatua ni watu wa Dugumbe, na hakuna kalamu iliyowaondolea hatia hiyo.

Linalosalia ni upande usioandika. Kiswahili kina tawasifu ya Tippu Tip, aliyekuja kutawala Kasongo, lakini naye ni mmoja wa wafanyabiashara. Wanawake wa soko hawana shajara. Idadi ya waliokufa inayorudiwa katika vitabu, kati ya 330 na 400, Livingstone hakuihesabu mwenyewe. Aeleza kwamba ni makisio ya Waarabu. Waliohesabu maiti ni upande ule ule ulioua.