Je, Wimbo Usioimbwa Una Maudhui? Thelonious Monk na "Just a Gigolo"

Katika madarasa yetu ya fasihi tumezoea kuipasua kazi ya sanaa mapande mawili, fani huku na maudhui kule. Tukishaipasua hivyo, maudhui tunayasaka katika maneno tu. Sasa basi, ukiyaondoa maneno, akabaki mtu mmoja na piano yake, tutasema nini? Wengi wetu tutajibu haraka kwamba kilichobaki ni fani tupu: ufundi wa vidole, burudani ya masikio, basi. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Ninadai kwamba mpiga piano wa jazi anayepiga peke yake wimbo ambao hadhira yake inaujua, anauhakiki wimbo ule mbele ya watu, na kwamba uhakiki huo una maudhui yanayoweza kutajwa na kubishaniwa kama ya riwaya yoyote.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kwetu ukitaja jazi, mtu anafikiria Morogoro Jazz, Western Jazz au TPOK Jazz ya Franco: magitaa, matarumbeta, watu ukumbini wanatoka jasho. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile ya Wamarekani Weusi, na ndani yake nimechagua kipande kidogo tu, yaani upigaji wa piano bila bendi wa nyimbo zinazoitwa standadi. Hizi ni nyimbo zilizotungwa zaidi kati ya miaka ya 1920 na 1940 kwa ajili ya michezo ya jukwaani ya Broadway, filamu na maduka ya karatasi za muziki. Nyingi zina umbo lilelile la vipimo 32: sehemu ya kwanza, inarudiwa, inakuja sehemu ya kati iliyo tofauti, kisha ya kwanza inarudi. Ziliimbwa redioni, zikaimbwa majumbani, mpaka kila mtu akazijua.

Jambo hilo la kujulikana ndilo msingi wa hoja yangu. Mpigaji hakulazimika kuimba kwa sababu maneno yalikwishakaa kichwani mwa msikilizaji. Vidole vikigusa mahadhi, maneno yanaamka yenyewe. Wanamuziki wengi wa kizazi hicho walisisitiza kwamba ni lazima mpigaji ayajue maneno ya wimbo anaoupiga. Mpuliza saksafoni Lester Young ndiye anayetajwa sana kwa msimamo huo. Kwa hiyo tusidanganyike tukadhani kwamba maneno hayapo. Yapo, ila hayatamkwi. Na mhakiki anayejua fasihi simulizi hapaswi kushangaa, maana hata mtambaji wetu hutegemea mambo ambayo hadhira inayajua kabla yeye hajafungua kinywa.

Tuje kwenye mfano. "Just a Gigolo" ulianza Ulaya kama tango. Muziki ni wa Leonello Casucci, wa mwaka 1928, na maneno ya Kijerumani ni ya Julius Brammer. Mhusika wake ni afisa wa zamani wa jeshi la Austria, wa kikosi cha wapanda farasi, ambaye baada ya Vita Kuu ya Kwanza hana jeshi wala dola ya kuitumikia. Sasa anakodiwa kucheza dansi na wanawake wenye pesa. Mwaka 1929 Irving Caesar wa New York aliandika maneno ya Kiingereza, akamhamishia mhusika Paris. Kiini hakikubadilika: mtu analipwa kwa kila dansi, anajua watu wanamsema, anajua ujana utakwisha, na anajua kwamba siku yake ikifika dunia itaendelea bila yeye.

Hapa Mswahili atasema, "Kumbe ni mario huyo!" Neno hilo tulilipata kutoka wimbo wa Franco wa mwaka 1985, na wengi waliolishika hawakujua Kilingala. Lakini tuwe waangalifu. Mario wa Franco ni kijana msomi anayekula jasho la mwanamke aliyemzidi umri, na wimbo unamcheka. Huyu wa Casucci na Brammer amevunjikiwa na dola, na kinachomweka sokoni ni historia, si uvivu. Wimbo unaweza kuimbwa kwa kumcheka au kwa kumhurumia, na waimbaji wa Marekani walichagua upande. Louis Prima, mwaka 1956, aliuunganisha na wimbo mwingine, akaupiga kwa kelele na vichekesho, ukawa wimbo wa sherehe mpaka leo. Prima ni fundi, sibishi. Ila katika tafsiri yake yule afisa ameshasahaulika, amebaki mwanamume mcheshi mwenye kupenda starehe.

Miaka miwili kabla ya Prima, Thelonious Monk aliurekodi wimbo huohuo peke yake. Siku hiyo ya mwaka 1954 alikuwa studioni na bendi ya watu watatu, lakini ulipofika wimbo huu wenzake wawili wakanyamaza, akapiga yeye tu kwa muda wa kama dakika tatu.

Ndugu msomaji, ukiisikiliza rekodi hiyo ukitarajia ubunifu wa papo kwa papo unaopaa mbali na wimbo, utasema Monk hakufanya kitu. Hatoki kwenye mahadhi. Anayapiga waziwazi, anayarudia. Mkono wa kushoto unatembea kwa mtindo wa wapiga piano wa Harlem wa miaka ya 1920, sauti nzito chini kisha fungu la sauti katikati, chini tena, katikati tena, ila unatembea kama mtu mwenye mguu mbovu. Pale unapongoja hatua, hatua inachelewa. Pale mahadhi yanapotaka sauti moja tamu, Monk anagonga mbili zilizo jirani kwa pamoja, zikachubuana. Mdundo wa dansi upo, huwezi kuukana, lakini hauchezeki. Na huyo ndiye mhusika wa wimbo: anacheza kwa sababu analipwa, miguu inajua kazi yake, moyo haupo. Prima alitupa dansi pasipo mchezaji. Monk anatupa mchezaji anayeonekana amechoka katikati ya dansi yake mwenyewe. Hayo si maudhui?

Kuna historia nyuma ya rekodi hii ambayo siwezi kuiruka. Kati ya mwaka 1940 na 1967 polisi wa New York walitoa kadi maalumu kwa kila mtu anayefanya kazi katika kumbi zinazouza pombe. Huna kadi, huna kazi. Billie Holiday alinyang'anywa yake mwaka 1947. Monk alikamatwa mwaka 1951 pamoja na mpiga piano mwenzake Bud Powell katika kesi ya dawa za kulevya, akafungwa, na kadi ikaenda. Hakuipata tena hadi 1957. Kwa miaka sita mtu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa jazi mpya hakuweza kupiga kihalali katika vilabu vya mji wake mwenyewe, isipokuwa pembeni pembeni, na kwa sehemu kubwa mkewe Nellie ndiye aliyeishikilia nyumba kwa mshahara wake. Mwaka wa rekodi ile, 1954, uko katikati kabisa ya kifungo hicho cha kazi.

Najua nitaambiwa: mwenzetu, unachanganya msanii na mhusika! Sisemi kwamba Monk alikuwa akijisimulia. Ushahidi wa hilo sina, wala siuhitaji. Ninachosema ni kwamba soko la burudani linalomkodi na kumtupa mtu, ambalo ndilo dhamira ya wimbo, Monk alilijua kwa ndani, na katika upigaji wake dhamira hiyo inasikika huku katika sauti ya Prima haisikiki. Kama tunakubali kuyatazama mazingira ya mwandishi tunaposoma riwaya, kwa nini tuyaogope hapa?

Tena Monk hakuuacha wimbo. Aliurudia jukwaani mwaka 1958 katika klabu ya Five Spot, New York, wakati kadi imeshapatikana na watu wanajipanga kumwona. Tena ni peke yake, dakika mbili na kidogo. Akaurudia mwaka 1962 alipohamia kampuni kubwa ya Columbia, kwa ajili ya albamu ya Monk's Dream. Ni rekodi tatu za wimbo mmoja, mkono mmoja, na kila mara hali yake sokoni imebadilika. Ile ya 1954 ndiyo nzito kuliko zote. Ile ya Five Spot inanigusa kwa namna nyingine: sasa analipwa na watu waliokaa mbele yake, na anawapigia wimbo wa mtu anayelipwa ili watu waliokaa mbele yake wafurahi. Sijui kama kuna aliyecheka. Ningecheka mimi, kisha ningenyamaza.

Si kila mpigaji anasoma wimbo kwa namna hii, na hapa nadharia yangu inapata mtihani. Art Tatum, aliyezaliwa Toledo, Ohio mwaka 1909 na ambaye aliishi na uoni hafifu sana, alirekodi "Tea for Two" mwaka 1933. Maneno ya wimbo huo pia ni ya Irving Caesar, na muziki ni wa Vincent Youmans. Ni kiwimbo kidogo cha wapenzi wawili wanaoota nyumba yao, chai yao na watoto wao. Tatum anakishika na kukirusha hewani: mkono wa kulia unateremka kama mvua juu ya bati, na chini yake mafungu ya sauti yanabadilishwa kila mara. Mwaka 1955 mhakiki Mfaransa André Hodeir alimkosoa kwamba anabaki kuyapamba mahadhi ya nyimbo za kawaida badala ya kuunda jipya. Billy Taylor, mpiga piano, akajitokeza kumtetea.

Katika ubishi huo mimi nasimama mahali pasipo raha. Hodeir alikosea alipodhani kwamba kubaki na mahadhi ni udhaifu, maana Monk katika "Gigolo" anabaki nayo kuliko Tatum na anasema mengi. Lakini katika "Tea for Two" ya Tatum siisikii ile nyumba wala ile chai. Wimbo umekuwa uwanja wa kukimbilia. Ninamstahi mkimbiaji, nastaajabu, ila sioni kwamba ameusoma. Mtu akiniambia kwamba kasi yenyewe inaidhihaki ndoto ile ndogo ya kitabaka la kati, nitamwambia alete ushahidi kutoka ndani ya rekodi, si kutoka katika nadharia.

Kinyume chake ni "I Should Care", uliotungwa na Axel Stordahl, Paul Weston na Sammy Cahn. Mhusika anajidai kwamba kuachwa hakujamuumiza, anahesabu dalili zinazopaswa kumpata, na mwishoni anakiri. Monk aliupiga peke yake mwaka 1957 katika albamu ya Thelonious Himself. Mapigo yanakatika, sentensi ya mahadhi inaanza kisha inasimama, tunangoja, inaendelea. Ndiyo namna ya mtu anayesema "mimi sina neno" huku akitafuta pumzi. Ungamo ambalo Cahn ameliweka mwishoni, Monk analileta tangu mwanzo. Hiyo ni kusoma wimbo dhidi ya mpangilio wake, kazi ambayo sisi tunasifiwa kwayo tukiifanya kwenye insha.

Na Keith Jarrett je? Mwaka 1998, akiwa nyumbani anapona maradhi ya uchovu sugu yaliyomwondoa jukwaani, alirekodi nyimbo za kawaida peke yake, zikatoka mwaka 1999 kwa jina la The Melody at Night, With You. Mtu aliyejulikana kwa kutunga papo hapo kwa saa nzima anapiga "Someone to Watch Over Me" karibu bila kuongeza kitu. Wapo wanaosema imepoa. Mimi naona ni mgonjwa anayepiga wimbo wa mtu anayetaka kutunzwa, na anaacha wimbo umbebe. Tofauti yake na Monk ni kwamba Jarrett anauamini wimbo, Monk anauhoji.

Swali hili si la darasani tu. Nchini Marekani, wimbo ulipokuwa bado na hakimiliki, redio za kawaida zilipopiga rekodi ya "Just a Gigolo" ya Monk, malipo yalikwenda kwa wenye haki ya wimbo, yaani watunzi na wachapishaji. Aliyepiga halipwi, wala warithi wake. Sheria inatambua kwamba Casucci na Caesar walitunga. Kwamba yule mguu mbovu wa mkono wa kushoto ni utunzi, haitambui. Nasi tunapoandika kwenye mitihani kwamba mwimbaji au mtambaji "amewasilisha" kazi ya mtu mwingine, tunatumia msamiati uleule. Bi Kidude alipoziimba nyimbo za Siti binti Saad, mhakiki aliyeandika tu kwamba amezihifadhi alikuwa amesikiliza nusu. Ukitaka kuanza na kitu kifupi, tafuta rekodi ile ya 1954 na ile ya Prima, uzisikilize mfululizo, Prima kwanza.