Uso na Sauti: Uigizaji wa Lupita Nyong'o Ukitazamwa Kutoka Mpakani

Uhakiki wa sanaa za maonyesho katika Kiswahili umezoea kuanzia kwa mwandishi. Tamthilia kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) imefundishwa, ikatahiniwa na kuhakikiwa kwa zaidi ya nusu karne, lakini ni nadra mhakiki kuuliza ni nani aliyeigiza, alisimamaje jukwaani, na alilitumiaje koo lake. Mwigizaji huchukuliwa kama mtungi wa kubebea maji ya mwingine: maji yakisifiwa, mtungi husahauliwa. Filamu inaugeuza mpangilio huo. Mtazamaji wa kawaida hamjui aliyeandika mswada wala aliyeshika kamera. Anamjua mwigizaji, na mara nyingi huiita filamu kwa jina la mwigizaji huyo. Kwa sababu hiyo, mhakiki anayeijadili filamu kwa zana alizorithi kutoka kwa tamthilia iliyoandikwa huishia kutoa muhtasari wa hadithi. Makala haya yanajaribu njia nyingine. Yanaichunguza kazi ya Lupita Nyong'o kwa kufuata vitu viwili ambavyo ndivyo hasa mali ya mwigizaji wa filamu, yaani uso na sauti, na kuuliza hutokea nini kimoja kinapoondolewa.

Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi, na hapa yatapitiwa kwa kadiri yanavyolihusu swali hilo tu. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, mtaalamu wa sayansi ya siasa, alipokuwa akifundisha huko. Alirejeshwa Kenya akiwa mtoto mchanga, akakulia Nairobi katika familia ya Kijaluo, na akiwa na umri wa miaka 16 akarudishwa Mexico kujifunza Kihispania. Kabla ya hapo, akiwa na miaka 14, alikuwa amemwigiza Juliet katika Romeo and Juliet ya Shakespeare pamoja na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Hivyo basi kabla ya kufikia utu uzima alikwisha kuzoea kuishi katika lugha nne, na uigizaji wake wa kwanza wa kulipwa ulifanyika katika lugha ya kishairi ya Kiingereza cha karne ya 16. Sikio la namna hii halipatikani darasani. Masomo yalifuata: Hampshire College, kisha shule ya maigizo ya Yale, alikohitimu mwaka 2012. Katikati kuna miaka ambayo waandishi wa magazeti huipitia mbio. Mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa nyuma ya kamera katika The Constant Gardener, iliyopigwa Kenya. Mwaka 2009 aliigiza katika mfululizo wa televisheni wa Shuga uliotengenezwa Nairobi, na mwaka uo huo akatoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, inayohusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya.

Filamu hii ya mwisho haistahili kuachwa kama kitanguzi. Mwanamke ambaye baadaye angesifiwa dunia nzima kwa rangi ya ngozi yake alianza kwa kuielekeza kamera kwenye ngozi za wengine, na kuwaachia wao nafasi ya kueleza maana ya kutazamwa. Alijua kutazamwa ni nini kabla ya yeye kuwa mtazamwa.

Tarehe 2 Machi 2014 alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike msaidizi kwa uhusika wa Patsey katika 12 Years a Slave ya Steve McQueen. Kenya na Mexico zikaanza kumgombea kana kwamba ni kiwanja chenye hati mbili. Magazeti yakajadili gauni lake la samawati kuliko yalivyojadili uigizaji wake, na mwezi wa Aprili jarida la People likamtaja kuwa mzuri kuliko wote. Sifa hizo zote zilihusu uso. Hata hivyo, anayeitazama filamu kwa makini atagundua kwamba Patsey hajengwi kwa uso peke yake.

Filamu hiyo imetokana na kitabu cha Solomon Northup kilichochapishwa mwaka 1853. Patsey ni mtumwa wa shamba la pamba ambaye kila jioni mzigo wake hupimwa na kuonekana kupita ratili 500, zaidi ya wanaume wote. Nyong'o anaianza nafsi hii mikononi. Vidole vinachuma pamba kwa wepesi usio na haraka. Vidole vivyo hivyo vinaonekana vikitengeneza vikaragosi vya maganda ya mahindi, mchezo wa mtoto katika mwili wa mtu mzima. Mtazamaji anaambiwa umri wake wa ndani bila neno kutamkwa. Kisha inakuja tendo la sabuni. Bibi wa shamba amemnyima hata sabuni ya kujisafishia, naye ameenda kuiomba shamba la jirani. Anaporudi, bwana anamshuku. Hapo ndipo anapopewa maneno mengi kuliko mahali pengine popote, na Nyong'o anayasema kwa sauti inayopasuka katikati, huku mkono umekishika kile kipande cha sabuni kama ushahidi mahakamani. Kuchapwa kunakofuata kumepigwa kwa muda mrefu bila kukatwa, na kamera inamzunguka: mara uso, mara mgongo.

Wapo waliosema kwamba Hollywood humtuza mwanamke mweusi anapoteseka na kumsahau anapocheka. Hoja hii ina uzito, na historia ya tuzo hizo haiikanushi. Lakini inaweza kumdhulumu mwigizaji maradufu, kwa sababu inayachukulia mateso ya Patsey kuwa ndiyo uigizaji wenyewe. Kilichoigizwa vizuri zaidi ni hasira ya mtu anayedai haki ya kuwa safi.

Baada ya tuzo kulitokea jambo la ajabu. Uso uliokuwa ukitangaza vipodozi vya Lancôme uliondolewa kwenye skrini. Katika Star Wars: The Force Awakens (2015) alikuwa Maz Kanata, kiumbe kilichochorwa kwa kompyuta juu ya mienendo yake, katika The Jungle Book (2016) alikuwa sauti ya mbwamwitu jike Raksha. Yawezekana kuona hapa uamuzi wa kibiashara tu. Yawezekana pia, na makala haya yanaegemea huku, kuona mwigizaji aliyechoka kuangaliwa. Katika kipindi hicho hicho alirudi jukwaani New York katika Eclipsed ya Danai Gurira, tamthilia kuhusu wanawake katika vita vya Liberia, mwaka 2015 na kisha Broadway mwaka 2016. Jukwaa halina picha ya karibu. Mwigizaji hufika kwa mtazamaji wa viti vya nyuma kwa koo na kiwiliwili.

Queen of Katwe (2016) inahitaji kukaliwa zaidi, hasa na msomaji wa Afrika Mashariki. Mira Nair, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na makazi Kampala, anasimulia habari za Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe aliyeinuka kwa mchezo wa sataranji. Nyong'o ni mama yake, Nakku Harriet, mjane anayelea watoto kwa uchuuzi. Mkenya anamwigiza Mganda, na kwa Kiingereza. Mtazamaji wa London hatasikia tatizo lolote. Mtazamaji wa Chakol atalisikia mara moja.

Chakol iko upande wa Kenya katika nchi ya Wateso, jirani na Malaba na Busia, na Wateso ni watu ambao mpaka uliwapitia katikati. Ndugu yuko Uganda, shamba liko Kenya, na soko liko popote bei inaporidhisha. Hata neno bodaboda, ambalo sasa ni la kanda nzima, lilizaliwa hapa, kutokana na baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Mtu aliyekulia hapa hutambua kwa sentensi moja kama Kiingereza anachokisikia kimepitia Kampala au Nairobi. Si silabi tu. Ni mahali pa kuvuta pumzi, ni urefu wa irabu, ni namna ya kuitikia kabla ya kujibu. Kwa hiyo kama kuna hadhira yenye haki ya kuuhukumu uhusika wa Harriet, ni hii.

Na hukumu ni ipi? Lafudhi inasimama, ingawa katika mabishano makali huteleza kidogo na kusikika kuwa imefanyiwa mazoezi kuliko kuishiwa. Kinachouokoa uhusika ni mambo yasiyohitaji lafudhi. Harriet wa Nyong'o hutembea kama mtu anayehesabu. Anapomsikiliza kocha Robert Katende, anayeigizwa na David Oyelowo, kidevu kimeinuka na macho yamekwenda pembeni: adabu ya maskini anayekataa kuhurumiwa. Anapouza vazi lake la thamani ili binti apate mafuta ya taa ya kusomea usiku, hakuna chozi; kuna mapatano ya bei, na anapatana kama mchuuzi. Mwigizaji mwenye nia ya kusifiwa angelilia hapo. Pia hadhi ya umama haikugeuzwa kuwa utakatifu. Harriet ana hofu, ana ukali, na mara nyingine anakosea.

Hapa suala la hadhira linafungua mlango mwingine. Katika vibanda vya video vya Uganda filamu za kigeni zimezoea kuonyeshwa na msimulizi, anayeitwa vijei, akizifasiri kwa Kiganda na kuzitia vichekesho vyake. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, nao walisimulia kwa Kiswahili. Wahakiki wengi wameichukulia sanaa hii kama uharibifu wa filamu. Kwa hakika ni ufasiri, na kama ufasiri wowote una faida na gharama. Gharama yake kubwa humwangukia mwigizaji, kwa kuwa sauti yake hufunikwa au hupunguzwa. Kinachobaki ni uso na mwili. Basi tunapata kipimo ambacho wahakiki wa Ulaya na Marekani hawana: ni uhusika upi wa Nyong'o unaoweza kuvuka mpaka ukiwa umenyang'anywa sauti?

Patsey anavuka. Harriet naye anavuka, na labda anafaidika, maana Kiganda cha msimulizi kinamrudishia lugha ambayo mwanamke wa Katwe angeizungumza nyumbani mwake. Nakia wa Black Panther (2018) na Wakanda Forever (2022) anavuka bila taabu na bila kuacha alama nzito. Ni uhusika wenye haiba uliopewa kazi ndogo, ingawa inafaa kukumbukwa kwamba lugha ya Wakanda ni Kixhosa, ambacho waigizaji walilazimika kujifunza. Anayekwama mpakani ni Red.

Us ya Jordan Peele (2019) ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, ijapokuwa haikuteuliwa kwa Oscar. Anaigiza wanawake wawili wenye uso mmoja: Adelaide, mama wa familia yenye nafasi, na Red, kivuli chake aliyeishi chini ya ardhi. Maadamu uso ni ule ule, tofauti yote lazima ibebwe na mkao na sauti. Red anazungumza kama mtu anayeyavuta maneno ndani badala ya kuyatoa, koo likikwaruza kama mlango wenye kutu. Vivuli wengine hawana lugha. Hutoa miguno tu. Mtazamaji anadhani huo ni uongozi wake. Mwishoni inabainika kwamba Red ndiye mtoto aliyezaliwa juu na kutekwa, ilhali Adelaide ndiye aliyetoka chini. Ile sauti iliyokwaruza ilikuwa ya mtu aliyewahi kuwa na lugha akakosa wa kuzungumza naye kwa miaka mingi. Na ukimya wa Adelaide utotoni, ambao wazazi waliuona kuwa ni mshtuko, ulikuwa ukimya wa mtu asiyejua bado kusema. Siri ya hadithi imo kooni tangu mwanzo. Mwandishi aliiweka katika mswada, lakini ni mwigizaji aliyeificha mahali ambapo kila mtu angeisikia.

Sauti hiyo ilimletea lawama. Alieleza kwamba aliijenga kwa kusikiliza watu wenye maradhi yanayokaza nyuzi za sauti, na watetezi wa wagonjwa hao wakalalamika kwamba hali yao imegeuzwa kitisho. Aliomba radhi. Lawama ilikuwa ya haki, na inagusa pale pale ilipoanzia In My Genes: mwenye mwili usio wa kawaida ana haki gani juu ya namna anavyoonyeshwa? Aliyewahi kuitengeneza filamu ile alipaswa kulitabiri swali.

Mfano wa mbali unasaidia kuiona hali yake. Setsuko Hara wa Japani aliigiza filamu sita za Yasujirō Ozu kati ya mwaka 1949 na 1961, ikiwemo Tokyo Monogatari (1953), kisha akajiondoa kabisa machoni pa watu hadi alipofariki mwaka 2015. Alikuwa na mwongozaji mmoja aliyemjua, lugha yake, na tasnia ya nchi yake iliyoweza kumlisha. Tabasamu lake liliweza kubeba maana kwa sababu hadhira ilishiriki naye adabu ya kuficha majonzi. Nyong'o hakuwa na Ozu. Sinema ya Kenya ya ujana wake haikuwa na uwezo wa kumbakiza, na kila uhusika amelazimika kuujengea adabu upya: ya Louisiana, ya Liberia, ya Katwe, ya nchi isiyokuwepo.

Mwaka 2024 alirudi tena nyuma ya pazia katika The Wild Robot, akiwa sauti ya mashine iitwayo Roz inayotupwa kisiwani na kujifunza lugha za wanyama. Sauti inaanza bapa, yenye uchangamfu wa muuzaji dukani, na hatua kwa hatua inapata mashaka, uchovu na uzazi. Hakuna uso wake hapo, wala mikono, wala mwendo. Msimulizi wa Malaba akiifasiri filamu hiyo kwa ukamilifu, kitakachobaki cha Lupita Nyong'o ni jina kwenye orodha ya waigizaji.