Lenzi ya 70-200: Ipime Tundu Likiwa Wazi

Mnunuzi akiingia duka la kamera, swali lake la kwanza huwa ni lenzi inavuta hadi wapi. Kwa lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu la 2.8, swali hilo halimsaidii. Zipo lenzi za bei nafuu zinazovuta hadi 300, na wenye nazo huzirudisha mfukoni jua likizama. Fedha nyingi unayotoa kwa lenzi hii inalipia jambo moja: tundu linabaki 2.8 tangu mwanzo wa mvuto hadi mwisho. Ikifika 200, tundu hilo lina upana wa milimita 71 hivi. Ndiyo sababu kioo cha mbele ni kikubwa, filta yake mara nyingi ni ya milimita 77, na zile zilizotengenezewa kamera za kioo cha kuakisi ndani (DSLR) hukaribia kilo moja na nusu. Basi ipime hapo hapo ulipolipia, kwenye 2.8 na kwenye 200. Lenzi inayotoa picha kali kwenye 5.6 lakini ikalegea kwenye 2.8 ni lenzi ya 5.6 iliyoongezwa uzito na bei.

Tofauti hiyo si ya vitabuni. Tundu la 2.8 hupitisha mwanga mara nne ya ule unaopita kwenye 5.6. Chukua Ngome Kongwe ya Zanzibar usiku wa tamasha la Sauti za Busara, mpiga ngoma yuko jukwaani na mikono haitulii. Pale ambapo mwenye 2.8 anapiga kwa kasi ya 1/500 ya sekunde na vidole vya mpigaji vinaganda, mwenye 5.6 atalazimika kushuka hadi 1/125 na kuambulia mikono ya ukungu, au apandishe ISO mara nne na picha ijae chenga. Kwenye mechi ya usiku hali ni hiyo hiyo, na mpira unataka 1/1000.

Sasa kipimo. Wapimaji wa ng'ambo wana mabango maalumu ya mistari. Sisi tuna kanga, na kwa kazi hii sioni upungufu wake. Kanga ina pindo lenye nakshi ileile pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lililoandikwa kwa herufi. Vitu hivyo vitatu ndivyo unavyovihitaji: pembe nne za kulinganisha, katikati ya kufokasi, na maandishi ya kusomwa. Chukua kanga mpya ambayo haijafuliwa, ingali na ugumu wa kiwandani, uibandike kwa utepe wa gundi kwenye ukuta ulionyooka penye kivuli chenye mwanga mwingi. Kwa kamera ya sensa kamili, simama kiasi cha mita 9 ukiwa kwenye 200, na kiasi cha mita 3 ukiwa kwenye 70. Kamera iwe juu ya stendi, katikati ya kanga, imetazama ukuta wima. Fungua tundu lote, weka kasi ya 1/1000, piga kwa saa ya kuchelewesha ili kidole chako kisiguse kitu.

Kuza picha kwenye kompyuta, usiamini kioo kidogo cha kamera. Herufi za jina ziwe na kingo safi. Kisha nenda pembe kwa pembe kwenye pindo. Pembe zote nne zikilegea kidogo kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi yenyewe, na kwa picha za watu haina madhara. Lakini pembe moja ikiwa na ukungu na ile inayoielekea ikiwa kali, simama. Huenda kioo kimojawapo ndani kimehama mahali pake, na kwa lenzi ya mtumba maana yake mara nyingi ni kwamba imewahi kuanguka. Kabla hujamtuhumu muuzaji, geuza kamera kichwa chini miguu juu, upige tena. Ukungu ukibaki kwenye pembe ileile ya kanga, wewe ndiye uliyesimama mshazari. Ukungu ukihama pamoja na kamera, kosa ni la lenzi. Kipimo hiki hakigharimu shilingi, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Rudia kwenye 70 na kwenye 135. Lenzi nyingi za aina hii ni hodari kwenye 70 na huanza kuchoka karibu na 200, na huko kwenye 200 ndiko utakakoishi nayo.

Baada ya kanga, mtafute mtu aliyevaa kanzu nyeupe asimame juani mbele ya mlango wenye giza. Ukingo wa kitambaa cheupe unapokutana na giza ndipo vioo dhaifu hujifichua: utaona uzi wa zambarau ukifuata bega na ukosi. Uzi mwembamba huondoka kwenye programu ya kompyuta. Utando mpana unaoenea hadi ndani ya nyeupe hauondoki bila kuharibu rangi nyingine. Tazama pia kilicho mbele kidogo na nyuma kidogo ya fokasi, maana lenzi nyingi hutia uzambarau mbele na ukijani nyuma. Kwa anayepiga harusi hili ni jambo la riziki, kwa kuwa gauni, kanzu na vito ni kazi yake ya kila Jumamosi.

Halafu fokasi. Hapa watu hukosea kwa kusifu kasi peke yake. Ukiwa mita 3 kutoka kwa bibi harusi, kwenye 200 na 2.8, unene wa sehemu iliyo kali ni sentimita 4 hivi. Jicho la karibu litakuwa kali na sikio limekwisha kuyeyuka. Kwa hiyo uliza kwanza uthabiti: fokasi jina la kanga, geukia kitu cha mbali, rudi kwenye jina, mara kumi. Herufi zinapaswa kuwa kali mara zote kumi au karibu nazo. Kwenye kamera za kioo, fokasi hupimwa na kifaa tofauti na sensa, hivyo lenzi nzima kabisa inaweza kukosea mbele au nyuma kwa kiasi kilekile kila mara. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwenye menyu ya kamera nyingi za daraja la juu, na lisikufukuze. Kosa linalobadilika, leo mbele kesho nyuma, likufukuze. Kamera zisizo na kioo husoma fokasi kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo tatizo hilo kwa kawaida halipo. Ukiridhika na uthabiti ndipo uombe mtu akimbie kukuelekea, uone kama lenzi inamfuata uso hadi afike.

Mandhari ya nyuma nayo ina hukumu yake. Taa za mbali zigeuke madoa laini yenye mwanga sawa, bila duara ndani ya duara kama pete za kitunguu. Madoa ya pembeni kuwa na umbo la yai ni kawaida kwenye 2.8. Nyuma ya uso wa mtu, majani na matawi yayeyuke yasiwe na mistari pacha. Hapa ladha zinatofautiana, na mimi niko upande wa ulaini hata kama ukali umepungua nukta moja.

Kuna mambo matatu ambayo lenzi husingiziwa bure. La kwanza ni mazigazi. Saa saba mchana, hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye lami, mchanga au nyasi za mbuga huvuruga picha ya kitu kilicho mbali, na hakuna kioo cha bei yoyote kinachoishinda. Pima asubuhi au kwa kitu cha karibu. La pili ni taa za jukwaani za buluu na zambarau. Hujaza rangi moja ya sensa hadi ikapoteza alama zote, na uso ukaonekana haukufokasiwa. La tatu ni taa za uwanja na za ukumbi. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, hivyo picha zilizofuatana hutofautiana mwanga na rangi. Kamera nyingi mpya zina mpangilio wa kuzuia hilo, uwashe.

Kwa ya mtumba, macho na masikio yaanze kabla ya kamera. Zungusha pete ya mvuto taratibu: uzito uwe mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na sauti ya kukwaruza ni mchanga wa pwani uliokwisha ingia ndani. Ukiitikisa lenzi yenye kituliza mtikisiko ukasikia kitu kikicheza, usishtuke. Kwa baadhi ya lenzi hivyo ndivyo kituliza kinavyokuwa kikikosa umeme. Rangi nyeupe ya Canon ilichaguliwa ili mwili wa lenzi usipate joto sana juani, basi. Haina ubora mwingine ndani yake, na mikwaruzo ya nje isikushushe moyo. Lenzi ya mwanahabari iliyochakaa nje mara nyingi imetunzwa ndani kuliko iliyolala kabatini miaka mitano.

Nasema hivyo kwa sababu ya kuvu. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja: unyevu wa mwambao huua lenzi nyingi, na kabati la nguo au mfuko wa ngozi ndivyo vitalu vya kuvu. Washa tochi ya simu, imulike kupitia nyuma ya lenzi kwa mshazari, utazame kutoka mbele. Chembe chache za vumbi hazina athari kwenye picha. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika mithili ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Fundi anaweza kuifuta, lakini ikiwa imekwisha kula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, alama hubaki, na taa yoyote ikiingia mbele utaona weupe umetanda juu ya picha. Usinunue hata kwa nusu bei. Uliyo nayo ihifadhi kwenye sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu na kipimo kidogo, unyevu ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba hadi ipate joto la nje, usije ukaufungua ikatoka jasho.

Vifaa vya kuisaidia lenzi hii havihitaji maneno mengi isipokuwa mguu wake. Ule mguu ulio chini ya lenzi ndio unaobeba mzigo wote, na kamera huning'inia nyuma yake. Ushike, jaribu kuupinda kushoto na kulia. Ukicheza hata kidogo, kwenye 200 mchezo huo unakuwa mtikisiko. Mkanda wa begani pia uufunge kwenye mguu huo, kwa kuwa kamera ikibebwa yenyewe, uzito wa lenzi huivuta shingo ya kamera siku nzima. Stendi ya miguu mitatu ipime hivi: funga lenzi, vuta hadi 200, kuza picha mara kumi kwenye kioo cha nyuma, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole. Picha ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, stendi ni nzuri. Kaza kichwa cha gololi na uachie mikono; picha ikishuka baada ya kuachia, kichwa hicho hakiiwezi lenzi. Nguzo ya katikati usiipandishe. Uwanjani monopodi inatosha, na inakuacha ukimbie.

Filta ya bei rahisi mbele ya kioo cha bei hii ni hasara ya wazi. Usiku itakuchorea madoa ya kijani ya kila taa ya uwanja. Ivue, tegemea hudi kwa ulinzi. Kirefushi cha 1.4 kinakupa milimita 280 kwa tundu la 4, nacho nakikubali. Cha mara 2 kinafika 400 kwa 5.6, na kwa sehemu kubwa ya lenzi hizi ukali unashuka kuliko ninavyoweza kuvumilia. Kadi za kumbukumbu bandia ni nyingi mitaani, hivyo ijaze kadi mpya hadi mwisho, fungua mafaili yote, ndipo uiamini na harusi ya mtu.

Nikija kwenye majina, kwa mwenye Canon ya kioo ninapendekeza 70-200 ya toleo la pili lenye kituliza, ya mwaka 2010. Toleo la tatu la 2018 lina mpangilio uleule wa vioo, limebadilishwa kinga za juu, na tofauti ya bei haistahili. Lile la kwanza la 2001 hulegea kwenye 2.8 na 200, yaani pale hasa. La pili hufanya kazi vizuri kwa adapta kwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo (RF), na linakubali virefushi, jambo ambalo lenzi ya RF ya 2019 hailikubali. Kwa Nikon ya kioo tafuta ile ya 2016. Ya 2009 ni kali, ila ukimkaribia mtu mvuto wake hupungua, na 200 yake ikafanana na 135. Kwa Sony, toleo la pili la 2021 lina gramu 1,045 na ndilo ningelibeba kutwa nzima.

Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa AFCON ya 2027, na wauzaji wanalijua hilo kama mimi na wewe. Pima mapema, kabla lenzi hizi hazijaanza kugombaniwa. Na muuzaji asiyekuruhusu kutoka nje na lenzi kwa nusu saa, hata ukimwachia fedha yote mkononi, usinunue kwake.