Sikio la Kufa

Mwaka 1989, nikiwa na miaka 19, binamu yangu aliyekuwa baharia aliniletea kaseti kutoka safarini. Kwenye jalada lake kulikuwa na zimwi lisilo na kiuno wala miguu, linaelea juu ya barafu. Mama aliitazama, akaigeuza kifudifudi mezani, akaenda zake jikoni bila kusema neno. Nikaipenda papo hapo.

Ilikuwa albamu ya saba ya Iron Maiden, bendi ya London, iliyotoka Aprili 1988 kwa jina la Seventh Son of a Seventh Son. Huko Ulaya ipo imani ya zamani kwamba mtoto wa kiume wa saba, ambaye baba yake naye alikuwa wa saba, huzaliwa na uwezo wa kuona yaliyofichika. Nyimbo nane za kaseti ile zinamzunguka mtu wa namna hiyo. Niliisikiliza mpaka utepe ukaanza kukwaruza, kisha maisha yakanichukua. Juzi juzi mwanangu aliniwekea albamu nzima kwenye simu yake, nami nikaketi barazani kuisikiliza upya, mwalimu mstaafu mwenye mvi.

Msomaji asiyeuzoea muziki wa hevi metali huenda akadhani ni kelele tupu. Kelele zimo, sikatai. Lakini sikiliza jinsi magitaa mawili, la Dave Murray na la Adrian Smith, yanavyoimba pamoja, moja likikaa juu na jingine chini yake kidogo, kama ndugu wawili wa kwaya moja. Chini yao besi ya Steve Harris inakwenda mbio kama farasi, na juu ya wote imepaa sauti ya Bruce Dickinson. Albamu hii, iliyorekodiwa Munich, Ujerumani, chini ya mtayarishaji Martin Birch, ndiyo ya kwanza ambamo bendi ilitumia vinanda vya umeme. Wapendao chuma kitupu wataviona kama sukari iliyozidi katika chai. Mimi naona vimeupa muziki huu upana, na nyimbo zake ukizisikia mara moja unabaki ukizivumisha puani siku nzima.

Kasoro pia zipo. Hadithi yenyewe imeshonwa kwa uzi mwembamba. Nyimbo nyingine zinasimama kando ya kisa kama wageni wasiojua harusi ni ya nani. Wimbo mkuu, ulioipa albamu jina, unakaribia dakika 10, na katikati yake muziki unakaribia kusimama, ukisubiri jambo lisilofika upesi. Ujanani sikuyajali hayo. Nilimpenda mwonaji kwa sababu nilijiona mimi ni yeye: kijana mwenye akili kati ya watu wasiomwelewa. Nadhani kila kijana aliyeipenda albamu hii alijiona hivyo.

Safari hii wimbo wa sita, The Prophecy, ulinishika koo. Hapo mwonaji anawaambia watu wake kuwa maafa yanakuja. Hawamwamini. Maafa yanapofika, hawaombi radhi. Wanamgeukia na kusema ndiye aliyeleta laana. Kisa chenyewe ni hicho tu. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara mia, na sikuwahi kujiuliza watu wale ni akina nani.

Ni sisi. Miaka kadhaa iliyopita walimu wa eneo letu tulikuwa na chama cha kuweka na kukopa. Siku moja mkutanoni alisimama mhasibu kijana, mgeni kwetu, akasema mikopo imezidi akiba na kwamba mambo yakiendelea hivyo hatutapata fedha zetu. Watu wakacheka. Mzee mmoja akamwuliza amekula chumvi ya miaka mingapi. Miaka miwili baadaye chama kilianguka, na akiba zetu zikaenda nacho. Hapo ndipo watu walipomkumbuka yule kijana. Je, walimshukuru? Walisema alijuaje kama hakuwa na mkono wake? Walimnunia mpaka akaomba uhamisho.

Mimi nilikuwa katibu wa mkutano ule. Muhtasari niliuandika kwa mkono wangu: mjumbe mmoja aliuliza kuhusu mikopo, akajibiwa. Basi. Maneno yake hayamo. Na walipomnyooshea kidole, mimi niliyejua alichosema nilinyamaza.

Aibu yangu ni kubwa zaidi kwa kuwa somo hili lilikuwa mkate wangu. Wimbo wa nne wa albamu, The Evil That Men Do, jina lake limetoka katika hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaisari, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Humo mna mtabiri anayemwonya Kaisari, naye anapuuzwa. Nimewauliza wanafunzi wengi kwenye mtihani kwa nini Kaisari hakusikia, nikawapunguzia alama walioshindwa kujibu.

Wimbo wa saba, The Clairvoyant, Harris aliuandika baada ya kufa Doris Stokes, mwonaji maarufu wa Uingereza, mwaka 1987. Alijiuliza kama mwanamke yule aliweza kukiona kifo chake mwenyewe. Ni swali zuri. Lakini kwangu la wimbo wa sita ni zito zaidi, kwa sababu halimhusu mwenye kipaji. Linatuhusu sisi wenye masikio. Tunasema sikio la kufa halisikii dawa, na kila mmoja anadhani sikio hilo ni la mwenzake.

Albamu inafunguka kwa gitaa dogo lisilo na umeme na Dickinson akiimba peke yake, na mwishoni kabisa wimbo ule ule mfupi unarudi. Zamani niliona ni pambo. Sasa nasikia kwamba mtu amekufa, watu wamebaki, na hawakujifunza kitu; tunaanza tena pale pale. Kwa ajili ya hilo nauona uzi ule mwembamba kuwa umetosha.

Nimemwandikia yule mhasibu barua, nikamweleza nilichoandika na nilichoacha kuandika. Hajajibu, wala hana deni la kunijibu. Nawe msomaji, ukiipata albamu hii, usiogope zimwi la jaladani. Anza na wimbo wa sita, na usiwe mwepesi kujiweka upande wa mwonaji.