Uji Chumbani: Mwanafunzi wa Chuo na Riziki Yake katika "Mapenzi ya Kifaurongo"

Mwanafunzi wa chuo si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alimfikisha Rosa katika chuo cha ualimu katika Rosa Mistika (1971), kisha akamfanya Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi kwao Ukerewe likizoni, kuwa msimulizi wa Kichwamaji (1974). Hata hivyo, anayemtafuta kijana huyu katika maandishi ya uhakiki aghalabu humkuta amevishwa vazi la mtu mwingine. Mara ni kielelezo cha msomi aliyetengana na jamii yake, mara ni shahidi wa falsafa ya udhanaishi, mara ni funzo kwa vijana wasiosikia la mkuu. Ni nadra kumkuta akiwa mwanafunzi, yaani mtu anayeamka asubuhi, anayewahi mhadhara, anayehesabu fedha zilizobaki mfukoni na kuamua kama atakula mchana au atangojea jioni.

Makala haya yanadhamiria kumrudishia mwanafunzi huyo siku zake za kawaida. Tutaichunguza hadithi fupi ya Kenna Wasike, "Mapenzi ya Kifaurongo", iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda (2016). Hoja yetu ni kwamba nguvu ya hadithi hii imo katika mambo madogo ya maisha ya chuoni, hususan chakula, chumba na fedha za matumizi, na kwamba udhaifu wake unaanza pale inapoyaacha mambo hayo na kumtafuta mtu wa kulaumiwa.

Msuko wa hadithi

Muhtasari wake ni huu. Dennis Machora ni mwana wa wazazi wachochole wanaoishi kwa kuwafanyia vibarua wenye uwezo. Kwa bidii yake masomoni anafika chuo kikuu, na huko anajikuta miongoni mwa vijana ambao mavazi na mazungumzo yao yanamkumbusha kila saa kwamba yeye si wa daraja lao. Siku moja, akiwa chumbani anajipikia uji, mlango unabishwa. Anayeingia ni Penina, binti wa familia yenye mali, naye anamweleza kwamba anampenda. Dennis anasita, anaeleza hofu yake, lakini hatimaye anakubali. Wanapomaliza masomo wanaishi pamoja katika nyumba ya kupanga mtaani New Zealand, wakitegemea fedha za wazazi wa Penina. Dennis anatafuta kazi bila mafanikio. Anapoitwa kwa mahojiano yanamshinda, na anaporejea mikono mitupu, Penina anamfukuza.

Ukiusoma muhtasari huu haraka, utaiona hadithi ya usaliti. Hivyo ndivyo ilivyosomwa mara nyingi katika madarasa ya shule za upili nchini Kenya wakati mkusanyiko huu ulipokuwa miongoni mwa vitabu teule, kabla ya Mapambazuko ya Machweo kuchukua nafasi hiyo. Maswali ya mtihani huomba maudhui, na majibu yakatolewa kwa orodha: umaskini, mapenzi, usaliti, elimu, ukosefu wa kazi. Orodha hiyo haina kosa. Kasoro yake ni kwamba inaviweka vitu hivi kando kando kama bidhaa juu ya meza ya soko, ilhali katika hadithi vimo ndani ya sufuria moja.

Historia ya sufuria

Kwa nini mwanafunzi wa chuo kikuu anajipikia uji chumbani? Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini lina historia yake. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma nchini Kenya alilishwa. Alikwenda katika bwalo la chakula kwa saa zilizopangwa, akala pamoja na wenzake wa kila tabaka, na akapokea posho ambayo wanafunzi wenyewe waliiita bumu. Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, sera ya kugawana gharama ilipoingia vyuoni. Kuanzia mwaka 1991 mwanafunzi alitakiwa kuchangia karo na kulipia kila sahani aliyokula. Mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na msaada wa serikali kwa mwanafunzi ukawa deni la kulipwa baadaye.

Mabadiliko haya hayakuishia katika daftari za wahasibu. Bwalo lilipokuwa la wote, tofauti ya matabaka ilifichika kwa muda wa mlo. Kila sahani ilipotiwa bei, aliyeweza kulipa alikula na asiyeweza akarudi chumbani. Jiko dogo likaingia katika mabweni, mara nyingi kinyume cha kanuni, na kupika kukawa sehemu ya ratiba ya mwanafunzi pamoja na mihadhara na maktaba. Umaskini ukapata mahali pake pa siri, nyuma ya mlango uliofungwa.

Ni dhidi ya historia hii ambapo tukio la uji linapata uzito wake. Hatudai kwamba mwandishi alikusudia kuandika tarihi ya sera za elimu. Tunadai tu kwamba uji ule haungeweza kupikwa mahali pale katika hadithi ya kizazi kilichotangulia.

Linganisha na Kazimoto. Mwanafunzi wa Kezilahabi ni zao la Tanzania ya miaka ya mwanzo ya Azimio la Arusha, ambapo msomi aligharimiwa na umma na kutarajiwa kuutumikia. Deni lake lilikuwa la kimaadili. Mnamo Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Rais Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, kwa kuwa waliolipiwa na wakulima walionekana kukataa kuwalipa. Katika mazingira hayo Kazimoto hasumbuliwi na mlo. Anasumbuliwa na nafsi yake, na ubatili anaouona katika maisha, na cheo cha Manase, mwenzake wa zamani ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya na ambaye amemharibia dada yake Rukia maisha. Masaibu yake ni ya mtu aliyeshiba akabaki na muda wa kuuliza maswali makubwa. Dennis hana muda huo. Kabla ya kuuliza maisha yana maana gani, anapaswa kujua unga umebaki kiasi gani.

Mlango unapobishwa

Tukio la Penina kuingia chumbani linastahili kusomwa polepole. Mgeni anapobisha, kinachomshtua Dennis ni kuonekana. Mlango unapofunguliwa, siri yake inafunguliwa pia. Chumba cha mwanafunzi ni chumba kimoja tu: hakina sebule ya kumpokelea mgeni wala jiko la kufichia sufuria. Mapenzi yanaingia humo yakapita kwanza mbele ya njaa. Ndiyo sababu jibu la Dennis kwa tamko la Penina linatawaliwa na hesabu ya tofauti zao. Anamweleza kuhusu wazazi wake na wazazi wa Penina, kuhusu alichonacho na asichokuwa nacho.

Kwa jinsi hii mwandishi anafaulu kufanya jambo ambalo hadithi nyingi za mapenzi hushindwa kulifanya. Analionyesha penzi likianza kama mapatano ya watu wawili wasio sawa, ambao wote wawili wanajua kwamba hawako sawa. Fedha za Penina hazifichwi. Zinanunua chakula na baadaye zinalipa pango la nyumba. Hakuna anayedanganywa. Tukisema kwamba mapenzi haya yalikuwa ya uongo tangu mwanzo, tutakuwa tumesoma anwani na kuisahau hadithi.

Kifaurongo ni nani?

Anwani yenyewe yahitaji kuchunguzwa upya. Kifaurongo ni mmea mdogo unaotambaa, ambao majani yake hujikunja yakiguswa, ukadhani umekauka, kisha hufunguka tena hatari ikipita. Jina lake lasema wazi: hufa kwa urongo. Wasomaji wengi wamelielekeza jina hili kwa Penina, kwa hoja kwamba penzi lake lilinyauka lilipoguswa na shida.

Lakini tutazame anayejikunja ni nani. Penina ndiye anayetoka chumbani kwake, anayebisha, anayetamka. Dennis ndiye anayejikunja kila anapoguswa. Anajikunja mbele ya wanafunzi wenye uwezo na mbele ya tamko la mapenzi. Hata katika ukumbi wa mihadhara wa Daktari Mabonga, ambapo kuuliza swali kunahitaji ujasiri, tunaona jinsi chuo chenyewe kinavyofunza watu kunyamaza. Mwishowe anajikunja mbele ya wanaomhoji kwa ajili ya kazi, siku ambayo kufunguka kulihitajika zaidi kuliko siku yoyote.

Zaidi ya hayo, mmea ule haujikunji ili kumhadaa mtu. Unajikunja ili usiliwe. Tukilichukua jina kwa maana hii, kifaurongo kinakuwa sitiari ya maskini aliyejifunza kujilinda kwa kujipunguza. Kuanguka kwake katika mahojiano hakuji kama ajali. Kumeandaliwa tangu siku ya uji, kwa kuwa chumba kile kilimfunza kuficha. Tunaamini kwamba hapa ndipo hadithi ilipo na kina chake kikubwa, na kwamba kina hicho kimejengwa kwa mambo ya kila siku yasiyo na kishindo.

Mwisho na lawama

Baada ya kuyajenga haya yote kwa uangalifu, hadithi inafunga kwa namna ambayo kwa maoni yetu inaipunguzia thamani. Kijana aliyehitimu, aliyenyimwa kazi baada ya kutafuta kwa muda mrefu, anafukuzwa na mwanamke. Hasira ya msomaji inapata mlengwa aliye karibu, ambaye ana jina na uso. Chuo kilichomfunza kunyamaza kinaondoka bila lawama. Soko la kazi lisilo na nafasi kwa wahitimu linaondoka vivyo hivyo, na pia utaratibu uliomfanya binti mmoja kuwa bodi ya mikopo ya mwenzake. Anayebaki kizimbani ni Penina peke yake.

Huu ni mkondo wa zamani katika fasihi yetu. Katika Rosa Mistika pia, maovu ya baba mlevi na ya wanaume wenye vyeo yanaishia katika mwili wa msichana mmoja, naye ndiye anayejiua. Hata hivyo Kezilahabi anamfanya msomaji aone mkono wa kila mmoja aliyemsukuma Rosa. Wasike hampi Penina nafasi kama hiyo. Hatuelezwi vya kutosha ni mashinikizo gani aliyapata kutoka kwa wazazi waliokuwa wakilipa, wala alikuwa akihesabu nini katika miezi ile ambayo yeye ndiye aliyewalisha wote wawili.

Yawezekana mtu akatupinga hapa. Atasema kwamba mengi tunayaona kwa macho ya Dennis, na kwamba lawama dhidi ya Penina ni ya Dennis wala si ya mwandishi. Hoja hii ina uzito. Mtu aliyezoea kujilinda kwa kujikunja hawezi kuona mbali, na kwake aliye karibu ndiye mkosaji. Lakini ili kejeli ya aina hii ifanye kazi, matini lazima yatupe mahali pa kusimama nje ya macho ya mhusika. Katika sehemu ya kwanza tunapewa mahali hapo. Uji unasema zaidi ya anavyosema Dennis, na msomaji anaelewa yale ambayo mhusika anayaonea haya tu. Katika mwisho hakuna kitu kinachofanya kazi iliyofanywa na sufuria. Anwani inarudi, inatoa hukumu, na kesi inafungwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba "Mapenzi ya Kifaurongo" ni hadithi mbili. Ya kwanza ni ya kijana, chumba na riziki, nayo inasema ukweli kuhusu vyuo vyetu tangu sahani ya chakula ilipotiwa bei. Ya pili ni ya msichana asiyetegemeka, na imesimuliwa mara nyingi mno. Mtahini aliipenda ya pili kwa kuwa inaingia katika orodha kwa urahisi. Mhakiki hana budi kuitetea ya kwanza.

Wajibu huu unatuhusu sisi wa idara za fasihi kuliko wasomaji wengine. Wanafunzi wanaoketi mbele yetu kujadili utabaka katika riwaya za mbali ni hao hao wanaorudi mabwenini kubandika maji. Tukiwafundisha kwamba maisha yao hayo ni mandhari tu, na kwamba fasihi huanza pale mtu anapojiua au anaposalitiwa, tutawafunza nao kujikunja. Tukiwafundisha kuisoma sufuria kama tunavyoisoma sitiari, yamkini watakaoandika kesho watathubutu kuuacha mlango wazi hadi ukurasa wa mwisho.