Video Zetu na Jumba la Kukodi

Video ya Diamond, Number One (2013), ilipigwa Afrika Kusini. Wimbo ni wa kujidai kwa mapenzi, basi fahari iliufaa. Lakini mbona hata wimbo wa dhiki unapigwa picha mbele ya jumba la kukodi? Hapo mwongozaji kafuata kanuni, maana kaiacha nje ya geti.

Na mvunja kanuni je? Akipanda huku Matombo atatupanga na majembe na vibuyu, eti hatujui simu. Jamani, hiyo nayo kanuni, tena kuukuu! Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki 1979, kabla televisheni haijaanza Bara, 1994. Msikilizaji alijichorea mwenyewe. Mwongozaji, sikiliza wimbo kwanza, ndipo uwashe kamera.